Kuomba tathmini ya PIP inayomfaa mtu mwenye shida ya kuwasiliana

Posho ya PIP, kwa urefu Personal Independence Payment, ni posho ya Uingereza kwa mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Haitolewi kwa jina la ugonjwa. Hutolewa kwa alama, na alama nyingi hutokana na mazungumzo ya kama saa moja kati ya mwombaji na mtaalamu wa afya ambaye hajawahi kumwona. Sasa, kwa mtu ambaye kuzungumza kwenyewe ndiko kunakomshinda, mtihani umewekwa pale pale panapomuuma. Ndiyo maana namna ya kufanyiwa tathmini ni sehemu ya dai lenyewe. Si fadhila ya kuombwa kwa unyonge.

Mwongozo huu ni wa ndugu, mwenzi au rafiki anayemshika mkono mtu mwenye afasia (kupotewa na lugha) baada ya kiharusi, kigugumizi kikali, uziwi, usonji, ulemavu wa akili, shida ya kumbukumbu, au hali nyingine inayomnyima maneno au inayofanya maneno ya wengine yasimwingie.

Kabla hujanyanyua simu

PIP ni ya England, Wales na Ireland ya Kaskazini, kwa mwenye umri wa miaka 16 hadi umri wa pensheni ya serikali. Mtoto wa chini ya hapo huombewa DLA (Disability Living Allowance). Aliyepita umri wa pensheni bila kuwahi kuwa na PIP huomba Attendance Allowance. Scotland ina posho yake, Adult Disability Payment, inayosimamiwa na Social Security Scotland kwa utaratibu tofauti, na huko shirika la VoiceAbility hutoa msemaji wa kumsindikiza mwombaji bure.

Shida iwe imeshadumu miezi 3 na inatarajiwa kuendelea angalau miezi 9 mbele. Kipato na akiba haviulizwi.

Jambo moja lisirukwe na familia zilizohamia: kama viza ina sharti la kutotumia fedha za umma, PIP imo katika fedha hizo. Muone kwanza mshauri wa uhamiaji mwenye kibali, kwa sababu dai likiwasilishwa kimakosa linaweza kuharibu viza. Waombaji wengi hutakiwa pia wawe wamekaa nchini miaka 2 kati ya 3 iliyopita, lakini aliyepewa hadhi ya ukimbizi hafungwi na sharti hilo.

Hatua ya 1: jua alama zinatoka wapi

PIP ina shughuli 12, kumi za maisha ya kila siku na mbili za kutembea na kusafiri. Katika kila kundi, alama 8 hukupa kiwango cha kawaida na alama 12 hukupa kiwango cha juu. Kwa mwenye shida ya mawasiliano, shughuli ya 7, yaani kusema na kuelewa yanayosemwa, ndiyo kitovu. Anayehitaji kifaa, kwa mfano mashine ya kusikilizia, apate alama 2. Anayehitaji mtu wa kumsaidia kueleza au kuelewa maneno marefu, alama 4. Anayehitaji mtu hata kwa maneno mepesi, 8. Asiyeweza kabisa hata akisaidiwa, 12.

Maneno hayo yana maana maalumu kisheria. Maneno mepesi ni sentensi moja rahisi, kama “Chakula kipo tayari.” Maneno marefu ni zaidi ya sentensi moja, au sentensi moja yenye mambo mengi ndani yake. Kwa hiyo mtu anayeelewa “Kaa hapa” lakini anapotea ukimwambia “Kaa hapa, nikirudi tutakwenda dukani, halafu tumpigie shangazi” tayari yuko kwenye alama 4. Familia nyingi hazilijui hili, nazo huandika kwamba mgonjwa “anaelewa” kwa kuwa akiambiwa kula anakula.

La pili linatuhusu sisi hasa. Sheria inapima mawasiliano katika lugha ya asili ya mtu. Mama asiyejua Kiingereza hapati alama kwa kutojua Kiingereza. Ila mama ambaye Kiswahili chake mwenyewe kimevunjika tangu alipopata kiharusi anapata, na kujua au kutojua Kiingereza hakuna nafasi katika hesabu hiyo. Ukimwachia mtathmini achanganye mambo haya mawili, ataandika kuwa kikwazo kilikuwa lugha na siyo maradhi. Vitenganishe tangu ukurasa wa kwanza: “Kabla ya ugonjwa alizungumza Kiswahili bila tatizo. Sasa, kwa Kiswahili hicho hicho, hawezi kumaliza sentensi.”

Tazama pia shughuli ya 8, kusoma, inayopimwa kwa lugha ya asili vilevile. Asiyejua kusoma kwa sababu hakupelekwa shule hapati alama; aliyekuwa akisoma na sasa herufi hazimwingii, anapata. Shughuli ya 9 ni kuchanganyika na watu, na ya 10 ni kuamua mambo ya fedha. Mtu asiyeweza kuongea mara nyingi ana alama zilizolala humo bila kudaiwa.

Kila shughuli lazima iweze kufanywa kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudiwa kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule wa mtu asiye na ulemavu. Mwenye kigugumizi anayetumia dakika 4 kusema jambo la dakika moja hahesabiwi kuwa ameweza. Na shida ihesabiwe kwa siku zilizo zaidi ya nusu, si kwa siku moja njema aliyoamka nayo.

Hatua ya 2: karatasi moja ya mawasiliano

Kabla ya fomu yoyote, andika ukurasa mmoja ambao utautumia mara nne au tano: kwenye simu, kwenye fomu, kwenye ombi, siku ya tathmini, na kwenye rufaa ikibidi. Chukua siku 7. Kila siku andika mifano miwili au mitatu ya mazungumzo yaliyokwama: alitaka kusema nini, alisema nini, ilichukua dakika ngapi, nani aliingilia kati na alifanya nini.

Kisha andika kinachomsaidia. Hapa ndipo watu hukosea kwa kuandika “anahitaji subira na msaada.” Maneno hayo hayamlazimishi mtu kufanya chochote. Andika kitu kinachoweza kutekelezwa na kukaguliwa:

- aulizwe swali moja kwa wakati mmoja, na apewe sekunde 20 kabla ya kurudiwa;
- swali liandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa pamoja na kutamkwa;
- apumzike dakika 10 kila baada ya dakika 20;
- asiulizwe maswali ya ndiyo na hapana pekee, kwa kuwa huyachanganya;
- atumie ubao wake wa picha au tableti yake.

Hilo la ndiyo na hapana lina uzito wa peke yake. Mwenye afasia anaweza kusema “ndiyo” huku akimaanisha “hapana”, na mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hukubali chochote alichoulizwa kwa upole. Mtathmini akikusanya ndiyo kumi na tano, ripoti itasomeka kama ya mtu mzima wa afya. Andika wazi kwamba ndiyo yake ithibitishwe kwa kuuliza tena kwa njia nyingine.

Hatua ya 3: simu ya kuanzisha dai

Namba ya madai mapya ya wizara ya kazi na pensheni, DWP, kwa England na Wales ni 0800 917 2222. Anayetumia huduma ya Relay UK, ya kuandika badala ya kuongea kwenye simu, hutanguliza 18001. Mtumiaji wa lugha ya alama ya Uingereza ana huduma ya ukalimani kwa video kupitia tovuti ya serikali. Unaweza kupiga wewe, mwombaji akiwa kando yako. Ataombwa athibitishe kuwa amekubali. Kama hata hilo haliwezekani, inaruhusiwa kuomba fomu ya kuanzia kwa barua, ingawa njia hiyo huchelewa.

Katika simu hiyo omba mambo matatu, na uandike saa, tarehe na jina la aliyekujibu.

Kwanza, mkalimani wa Kiswahili akihitajika. DWP ina huduma ya mkalimani wa simu bila malipo, kwa hiyo mtoto wa miaka 12 hana haja ya kutafsiri maradhi ya baba yake.

Pili, njia ya kupokea habari: maandishi makubwa, nukta nundu, sauti au barua pepe.

Tatu, iwekwe alama ya utambulisho kwenye faili (siyo zile alama za kuhesabiwa) kuwa mwombaji anahitaji msaada wa ziada. Alama hii haijulikani na wengi, nayo ina kazi kubwa. Fomu ya mtu wa kawaida isiporudi, dai hufungwa. Fomu ya mwenye alama hii isiporudi, kesi hupelekwa kwenye tathmini badala ya kutupwa.

Kama mwombaji hawezi kabisa kusimamia mambo yake, ndugu aombe kuwa mwakilishi wake rasmi mbele ya DWP, anayeitwa appointee. Fomu yake ni BF56, na ofisa huzungumza kwanza na pande zote. Mwakilishi ndiye hutia sahihi, hupokea barua na hubeba lawama ya taarifa isiyo sahihi, basi asichukue kazi hii mtu asiyeishi karibu.

Hatua ya 4: fomu kubwa na ushahidi

Fomu ya PIP2, inayotumwa baada ya simu ile, irudi ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua, si tangu siku ulipoifungua bahasha. Ukiona muda hautoshi, piga 0800 121 4433 kabla haujaisha uombe nyongeza. Wiki mbili hupatikana bila mvutano.

Kwenye fomu kuna nafasi ya kueleza msaada unaohitajika siku ya tathmini. Watu huiruka kwa uchovu. Bandika hapo karatasi yako ya mawasiliano. Halafu hakikisha haipingani na majibu ya shughuli ya 7. Ukiomba maswali ya maandishi na msemaji, huku kwenye shughuli ya 7 umeweka tiki ya kutokuwa na shida, umejipinga mwenyewe, na mtathmini atachagua jibu fupi.

Ushahidi ulio bora kwa kesi hizi ni barua ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Mwombe aandike mambo mawili tu: mtu huyu anaweza na hawezi kuelewa nini, na afanyiwe tathmini kwa njia ipi na kwa nini. Barua ya daktari wa kawaida inayosema “ana kiharusi, anatumia dawa hizi” haina kazi kubwa hapa, na zahanati nyingine huitoza pesa. Maelezo ya shule, ya mhudumu wa nyumbani au ya msimamizi wa kazini yanakubalika. Peleka nakala, baki na asili, na andika jina na namba ya Bima ya Taifa (National Insurance) kwenye kila ukurasa.

Hatua ya 5: ombi lenyewe

Tathmini hufanywa na kampuni zenye mkataba na DWP: Maximus, Capita, Serco na Ingeus, kulingana na eneo. Jina na anwani ya inayokuhusu vitakuwa kwenye barua ya miadi. Njia ni nne: simu, video, ana kwa ana kituoni au nyumbani, na kwa karatasi pekee pasipo mazungumzo. Usisubiri wakuchagulie.

Kwa asiyeweza kueleza wala kuelewa, omba ya karatasi, na ushahidi uwe mzito wa kutosha kujitegemea. Kwa afasia na usonji, ana kwa ana nyumbani mara nyingi ndiyo inayoonyesha ukweli, kwa sababu mtathmini anaona ubao wa picha ukutani na anaona nani anayemalizia sentensi. Mwenye kigugumizi au mwenye wasiwasi wa kuonana na wageni anaweza kupendelea video. Simu ndiyo mbaya kuliko zote: hakuna uso, hakuna mikono, na kimya cha sekunde 15 humfanya anayeuliza aende swali linalofuata.

Msingi wa ombi ni Sheria ya Usawa ya 2010, inayomlazimu mtoa huduma kufanya marekebisho yanayofaa kwa mwenye ulemavu. Ireland ya Kaskazini hutumia sheria ya 1995 ya kupinga ubaguzi wa wenye ulemavu. Ombi liwe la maandishi, hata kama umeshapiga simu. Sentensi ziwe fupi, kwa sababu mtu wa kuzitia kwenye Kiingereza atazifikisha bila kuzipinda:

“Nina afasia tangu kiharusi cha [mwezi, mwaka]. Siwezi kufanyiwa tathmini kwa simu. Sielewi zaidi ya sentensi moja kwa wakati mmoja, na majibu yangu ya ndiyo na hapana hukosea. Chini ya Sheria ya Usawa ya 2010 naomba marekebisho haya: (1) tathmini ana kwa ana, nyumbani, (2) mke wangu awepo na aruhusiwe kuongeza maelezo, (3) maswali yaandikwe, (4) mapumziko ya dakika 10 kila dakika 20, (5) mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, (6) mazungumzo yarekodiwe. Barua ya mtaalamu wangu imeambatishwa. Tafadhali nijibuni kwa maandishi kabla ya miadi. Mkikataa sehemu yoyote, elezeni sababu.”

Weka jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Bima ya Taifa juu. Tuma kwa njia inayoacha risiti. Mwombaji anapaswa kupewa taarifa ya miadi angalau siku 7 kabla, isipokuwa amekubali muda mfupi zaidi. Siku 7 ni chache, kwa hiyo ombi litangulie miadi, na lirudiwe siku ile ile barua ya miadi inapofika.

Kurekodi ni haki ya kuombwa mapema, kabla ya siku yenyewe. Rekodi ndiyo itakayoonyesha zile sekunde za kimya ambazo ripoti haitaziandika.

Hatua ya 6: mkalimani wa kweli

“Mkalimani wa Kiswahili” haitoshi. Mzee wa Bukavu, mama wa Kibajuni na Mbarawa wa London anayezungumza Chimiini hawahudumiwi na mtu yule yule. Taja lahaja, na kama ni muhimu, taja mwanamume au mwanamke.

Mkalimani mzuri hujenga sentensi nzuri. Hapa uzuri huo ni hatari. Mgonjwa akisema “ile… kile cha… maji, chungu, eh”, mkalimani akatafsiri “nilikuwa nachemsha maji”, ugonjwa umefutwa papo hapo. Mwambie mwanzoni, mtathmini akisikia: atafsiri kama kilivyosemwa, na aseme wazi sentensi inapokatika au neno linapokosewa.

Kiziwi aliyekulia Tanzania au Kenya anazungumza lugha ya alama ya huko, ambayo si ile ya Uingereza. Aombe mkalimani kiziwi wa kupokezana na yule wa lugha ya alama ya Uingereza. Miadi hiyo itahitaji muda maradufu, basi useme hivyo kwenye ombi.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Tathmini huanza kabla ya swali la kwanza. Mtathmini huangalia mtu alivyopokea salamu, alivyojibu “umefikaje?”, alivyomtazama. Hapa adabu yetu hutuponza. Mswahili akiulizwa hali husema “salama, tunamshukuru Mungu” hata akiwa kitandani wiki ya tatu. Jibu hilo likitafsiriwa lilivyo, huwa ushahidi. Msaidizi aseme mara moja: “Hiyo ni salamu, siyo hali yake.”

Msaidizi asiwe mwepesi kupita kiasi. Swali likija, mwache mwombaji ajaribu kwanza. Kushindwa kwake kuonekane. Ukijibu wewe kabla hajafungua mdomo, ripoti itasema mke aliongea, haitasema mume alishindwa. Akishajaribu, eleza ulichokifanya: “Hakupata neno. Nimekisia kwa kuwa namjua.” Kumbuka kwamba ndugu mwenye uzoefu wa kuwasiliana na mtu huyu anahesabika kuwa msaada wa mawasiliano katika shughuli ya 7. Unavyofanya hapo ndicho kinachopimwa.

Marekebisho yakikosekana, mkalimani hakuja au simu imepigwa badala ya watu kuja, usikate na kuondoka kwa hasira. Kutohudhuria bila sababu nzuri hufunga dai. Sema kwa utulivu kuwa uliomba kwa maandishi tarehe fulani, mpo tayari kuendelea marekebisho yakiwepo, na omba miadi mipya. Siku ile ile tuma barua yenye maelezo hayo. Ikija barua ya kuuliza kwa nini hamkuhudhuria, jibu kwa nakala ya ombi lako. DWP inatakiwa kuzingatia afya na aina ya ulemavu inapopima sababu.

Ripoti na uamuzi

Piga simu DWP uombe nakala ya ripoti ya tathmini. Hutolewa bure, na huna haja ya kungoja uamuzi. Isome ukiwa na karatasi yako ya mawasiliano mkononi. Tafuta mistari ya aina ya “alijibu ipasavyo” au “hakuonyesha ugumu”, na mbele ya kila mmoja andika kilichotokea, dakika ya ngapi kwenye rekodi, na nani aliyejibu kweli.

Uamuzi ukiwa mbaya, una mwezi mmoja tangu tarehe yake kuomba DWP waupitie upya. Wakiushikilia, una mwezi mmoja mwingine kwenda kwenye baraza huru la rufaa, kwa England na Wales kwa fomu ya SSCS1, bila ada. Shirika la ushauri la Citizens Advice na vituo vya sheria vya mtaani husaidia kuijaza. Kwenye fomu hiyo nako kuna sehemu ya mahitaji ya siku ya kusikilizwa: mkalimani, lahaja, mapumziko, maswali mafupi. Ijaze kwa karatasi ile ile, na utaje kwa tarehe marekebisho uliyoomba kwenye tathmini na yale ambayo hayakutekelezwa.